Nani Alimuua Dereva? Raymond Chandler na Mpelelezi Wake Sugu

Mpwa wangu alibisha hodi Jumapili moja asubuhi, macho mekundu kwa kukesha. Usiku kucha alikuwa akiangalia filamu ya Kimarekani ya mwaka 1946, The Big Sleep, ya picha nyeusi na nyeupe, kwa sababu kuna mtu alimwambia kwamba ukitaka kuwaelewa wapelelezi wa riwaya, anzia pale. Aliiangalia mara mbili mfululizo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Yule dereva aliuawa na nani?"

Hakungoja hata chai. Nilicheka, maana swali hilo lina wenyewe. Wakati filamu inapigwa, mwongozaji Howard Hawks na mwigizaji mkuu Humphrey Bogart walibishana juu ya jambo hilo hilo: dereva wa familia tajiri ya Sternwood, ambaye gari lake linaopolewa baharini naye akiwa maiti ndani yake, aliuawa au alijiua? Waliposhindwa wakampelekea telegramu mwandishi wa riwaya yenyewe, Raymond Chandler. Baadaye Chandler alimsimulia rafiki yake kwa barua kwamba hata yeye hakuwa na jibu.

"Sasa kama mwenye hadithi hajui," mpwa wangu akasema, "mpelelezi wa kazi gani?"

Ndilo lililonifanya niandike haya. Wengi wanaokutana na Chandler na mpelelezi wake, Philip Marlowe, wanakwenda wakitarajia kitu kimoja wanakuta kingine. Wako wanaosema hadithi zake zimevurugika. Wako wanaodhani Marlowe ni James Bond aliyeishiwa nauli. Na wako wanaoapa kwamba Chandler mwenyewe alikuwa mpelelezi kabla ya kushika kalamu. Tuanze na fundo lililo rahisi.

Neno moja, watu wanne

Neno mpelelezi tumelibebesha mizigo ya watu wanne tofauti.

Wa kwanza ni askari kanzu. Huyu ni mtumishi wa serikali, ana kitambulisho, ana mkubwa wake wa kumripotia, na akimkamata mtu ana selo ya kumweka. Ndiye tunayemkuta kwenye Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, riwaya ya mwaka 1965. Wa pili ni jasusi, au shushushu kama tunavyomwita mitaani. Anailinda nchi dhidi ya maadui wa nje na vibaraka wa ndani, anapanda ndege, ana silaha na bajeti. Willy Gamba wa Elvis Musiba yumo katika kundi hili, na James Bond vilevile.

Wa tatu ni bwana mwerevu. Hakuajiriwa na yeyote wala hahitaji mshahara. Anafumbua mafumbo kwa sababu akili yake ikikaa bure inaota kutu. Sherlock Holmes ndiye baba yao, na huku kwetu Muhammed Said Abdulla alimpa Zanzibar Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni na Najum pembeni wa kumshangaa.

Wa nne ni mpelelezi wa kulipwa. Ana chumba cha ofisi chenye jina mlangoni, na mtu yeyote mwenye shida na pesa anaweza kuingia kumkodi: mume aliyekimbiwa na mke, tajiri anayetishiwa kwa picha chafu, mama aliyepotelewa na mwana. Hana selo, hana bajeti, na polisi wanamwona kama inzi kwenye mchuzi wao. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ana nasaba na watu hawa, ingawa mara kwa mara anavutwa kwenye mambo ya kitaifa. Philip Marlowe ni wa nne mtupu. Ukimsoma ukidhani ni wa tatu utachanganyikiwa; ukidhani ni wa pili utachoshwa.

Nikikaa kidogo kwa Bond: Chandler na Ian Fleming walifahamiana na kupendana, na mwaka 1958 walikaa pamoja mbele ya maikrofoni ya BBC wakazungumza juu ya kazi zao. Urafiki wa waandishi ni kitu kimoja. Udugu wa wahusika wao ni kitu kingine.

Yai na sugu

Wamarekani waliwapa Marlowe na wenzake jina la utani, hard-boiled, linalotokana na yai lililochemshwa mpaka likawa gumu. Ukilitafsiri hivyo hivyo linachekesha. Nani atamwogopa mpelelezi wa yai? Neno letu lililo karibu zaidi ni sugu. Tunasema mhalifu sugu, mdaiwa sugu. Lakini kumbuka lilikoanzia: sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa mshika jembe na kisiginoni kwa mtembea peku. Haimwoti asiyefanya kazi. Na chini yake nyama ni ile ile; ukichoma sindano ikapenya, inauma kama ya mtoto.

Hapo ndipo waigaji wengi walipokosea. Walichukua ngozi wakaacha nyama. Wakatuletea wanaume wa kofia pana na koti refu, wanaovuta sigara, wanaopiga ngumi na kutukana, basi. Marlowe anavuta, anakunywa wiski, anapigwa kichwani hadi anazimia mara nyingi kuliko daktari yeyote angeruhusu. Lakini jioni anarudi peke yake kwenye nyumba ya kupanga, anapanga kete za sataranji ubaoni, anafungua kitabu cha michezo ya mabingwa na kucheza dhidi ya mtu asiyekuwepo. Na mambo yanamuuma. Huo ndio utamu wake.

Kitendawili na doa

Sasa turudi kwa dereva. Kwa nini msomaji wa kawaida anakasirika kukosa jibu? Kwa sababu amezoeshwa riwaya ya kitendawili.

Riwaya ya upelelezi ya Kiingereza ya miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa hivyo. Kuna jumba kubwa shamba, wageni kumi, maiti maktabani, na mmoja wa wale kumi ndiye. Mwandishi anasema kitendawili, msomaji anajibu tega. Dalili zinatawanywa: saa iliyosimama, glasi yenye lipstiki, mbwa asiyebweka. Mwisho wote wanakusanywa sebuleni, jibu linatolewa, muuaji anachukuliwa, na chai inaendelea. Uhalifu humo ni doa la wino kwenye kanzu nyeupe. Litoe, kanzu inabaki safi.

Chandler aliichoka kanzu hiyo. Mwaka 1944, katika jarida la The Atlantic Monthly, aliandika makala maarufu akiwachambua waandishi wa aina hiyo. Alimchukua A. A. Milne, yule yule aliyewatungia watoto hadithi za dubu, akaipangua riwaya yake ya mauaji hatua kwa hatua, akionyesha kwamba polisi wa kawaida kabisa wangeigundua hila yake mapema. Kisha akamsifu Mmarekani mwenzake, Dashiell Hammett, kwa kuyarudisha mauaji kwa watu wanaoua kwa sababu, tena kwa silaha iliyo karibu na mkono, badala ya sumu za ajabu na samaki wa nchi za joto.

Katika riwaya za Chandler, kanzu yenyewe ilifuliwa kwa wino. Kumjua aliyevuta kifyatulio hakuisafishi. Ndiyo maana kwake cha muhimu ni kila tukio kwa wakati wake: namna mtu anavyokaa kitini, anavyodanganya, anavyoogopa.

Kwa dereva kuna sababu nyingine, ya kiufundi, na wala si ya kifalsafa. The Big Sleep, riwaya yake ya kwanza, iliyotoka 1939, iliunganishwa kutokana na hadithi fupi alizokwisha kuzichapisha, hasa mbili: moja ya 1935 na nyingine ya 1936. Aliandika riwaya nzima kwa miezi mitatu hivi. Umewahi kumwona fundi cherehani anaunga vitenge viwili tofauti apate gauni moja? Maua hayakutani kwenye mshono. Dereva alikuja na kitenge cha kwanza, mshono ulipopita akabaki nje.

Kwa hiyo wanaosema njama zake zina matundu hawakosei. Wanakosea wanapodhani wamemmaliza.

Mtu wa suti na mafaili

Sasa uvumi mkubwa kuliko wote, kwamba Chandler alikuwa mpelelezi. Hapana. Aliyekuwa mpelelezi ni Hammett, aliyefanya kazi katika wakala wa upelelezi wa Pinkerton kabla ya kuandika, na ndiye baba wa Sam Spade, mpelelezi mwingine wa riwaya. Uvumi huu unachochewa na sinema: Humphrey Bogart aliigiza Spade mwaka 1941 na Marlowe mwaka 1946, kwa uso ule ule na sauti ile ile. Watazamaji wakaunganisha wapelelezi wawili kuwa mmoja, na waandishi wawili pia.

Chandler alizaliwa Chicago mwaka 1888. Baba yake, mhandisi wa reli na mlevi, aliitelekeza familia, na mama akamchukua mtoto wakahamia Uingereza. Huko alisoma Dulwich College, shule ya vijana wa kofia na tai, akala Kilatini na Kigiriki. Alifanya kazi serikalini kwa muda mfupi akaacha, akajaribu uandishi wa habari, akaandika mashairi ambayo baadaye mwenyewe hakujivunia. Mwaka 1912 alirudi Marekani, akaishia California, akichuma matunda na kufunga nyuzi za raketi za tenisi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta. Alijiunga na jeshi la Kanada na kupigana kwenye mahandaki ya Ufaransa.

Baada ya vita akaingia kampuni ya mafuta kama mtu wa vitabu vya hesabu, akapanda hadi kuwa makamu wa rais wa kampuni. Kisha pombe ikamshinda. Alikuwa anapotea kazini, anafuata wanawake wa ofisini, na mwaka 1932, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, alifukuzwa. Alikuwa na umri wa miaka 44, hana kazi, ana mke aliyemzidi miaka 18.

Watu wengi katika hali hiyo hufungua genge. Yeye alianza kusoma magazeti ya hadithi yaliyochapishwa kwenye karatasi duni, yale ambayo ukimaliza unafungia samaki. Bora miongoni mwao lilikuwa Black Mask. Na hapa kuna jambo ninalopenda kuwaambia vijana wanaosema uandishi ni kipaji tu. Alichukua hadithi ya Erle Stanley Gardner, akatengeneza muhtasari wake wa kina, akaiweka kando, akaiandika upya mwenyewe kutoka kwenye muhtasari ule, kisha akalinganisha yake na ya mwenyewe ili aone alipopwaya. Mwanafunzi wa miaka arobaini na ushee, amefukuzwa kazi, ananakili kama mtoto wa chuoni na ubao wake.

Hadithi yake ya kwanza ilitoka Desemba 1933. Ilikuwa na maneno kama 18,000, ilimchukua miezi mitano, na alilipwa dola 180. Senti moja kwa neno. Piga hesabu uone ilimlisha siku ngapi.

Lakini kile Kilatini cha Dulwich hakikupotea. Chandler alikiandika Kiingereza cha mitaani cha Marekani kama mtu anayejifunza lugha ya kigeni, akisikiliza kila neno linavyogonga. Ndiyo maana tashbihi zake zinakumbukwa na watu wasiokumbuka nani alimuua nani. Kuna jitu moja linaloitwa Moose Malloy, refu kama mlango, limevaa nguo za kuwaka kupita kiasi, hata kwa mtaa ambao wenyewe haukuwa wa mavazi ya kimya. Marlowe anasema jamaa alikuwa amejificha vizuri kama buibui mkubwa mwenye sumu juu ya kipande cha keki nyeupe. Hata ukiipitisha kwenye lugha nyingine, inacheka.

Mji ulikuwaje

Huwezi kumwelewa Marlowe bila Los Angeles, na sizungumzii ile ya mabango ya sinema. Mwaka 1920 ulikuwa mji wa watu wasiozidi laki sita. Miaka kumi baadaye walishapita milioni moja na laki mbili. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa, viwanja vinauzwa asubuhi na kuuzwa tena jioni, sinema zinapigwa, na kuanzia 1920 hadi 1933 pombe ilipigwa marufuku nchi nzima. Sisi tunaojua biashara ya gongo hatuhitaji kuelezwa marufuku ya namna hiyo inavyowatajirisha wauzaji na polisi wa zamu kwa pamoja.

Ikiwa unadhani Chandler alitia chumvi, sikiliza hili, ambalo si riwaya. Januari 1938 mpelelezi wa kulipwa aitwaye Harry Raymond, askari wa zamani, aliwasha gari lake mjini Los Angeles na bomu likalipuka. Alikuwa anachimba ufisadi wa uongozi wa jiji. Alinusurika, mwili umejaa vipande vya chuma. Aliyepatikana na hatia ya kulipanga shambulio hilo alikuwa kapteni wa polisi wa jiji hilo hilo, Earle Kynette. Septemba mwaka ule wananchi walipiga kura kumwondoa meya wao, Frank Shaw, kabla ya muda wake. Miezi mitano baadaye, Februari 1939, The Big Sleep ikaingia madukani. Wasomaji wa mji ule hawakuhitaji kuelezwa kwa nini Marlowe hapeleki kila kitu polisi.

Hata kwenye vitabu vyake kuna mji wa pwani uitwao Bay City, wenye polisi wa kununuliwa, ulioiga Santa Monica. Nje kidogo ya maji ya serikali zimetia nanga meli za kamari. Meli hizo zilikuwepo kweli.

Na mwanzoni mwa The Big Sleep kuna picha moja ambayo mimi naiona ni kitabu kizima kwa ufupi. Familia ya Sternwood imejenga jumba juu ya kilima. Chini, kwa mbali, vinaonekana visima vya zamani vya mafuta vilivyowatajirisha. Walipohamia juu, Marlowe anasema, hawakusikia tena harufu ya mafuta na maji machafu, ila wakitaka bado wangeweza kuchungulia dirishani wakaona utajiri wao ulikotoka. Anaongeza kwamba hadhani kama wangetaka.

Katika vitendawili vyetu, aliyeshindwa kujibu huambiwa: nipe mji. Mshindi anapewa mji, anaringa nao, kisha anatoa jibu. Marlowe kila kitabu anakipata kitendawili. Mji hapewi hata siku moja. Unabaki na wenye visima.

Ishirini na tano kwa siku

Jenerali Sternwood, mzee wa ukoo, anampokea Marlowe ndani ya nyumba ya vioo ya kuoteshea maua ya okidi. Joto humo ni la kupikia. Mzee amefunikwa blanketi, damu yake imepoa. Marlowe jasho linamtiririka hadi shati linaganda. Mzee hawezi tena kunywa pombe, kwa hiyo anamwagiza mgeni anywe, yeye atazame. Halafu wanakuja kwenye bei. Dola 25 kwa siku na gharama, anasema Marlowe, nikibahatika.

Watu wanaruka mstari huu. Mimi nawaomba warudi. Neno letu kibarua ni kijibarua, kile kikaratasi alichokuwa akipewa mfanyakazi wa kutwa. Marlowe ni kibarua. Analipwa kwa siku, kazi ikiisha malipo yameisha, na bosi akisema acha, inabidi aache. Zamani alikuwa mchunguzi katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa wilaya, akafukuzwa kwa ukaidi. Yeye mwenyewe anajitapa kwamba kwenye ukaidi alama zake ziko juu sana. Tangu hapo anauza siku zake. Kila kitabu, takriban kila tajiri anayekutana naye anajaribu kununua kitu cha zaidi: ukimya wake, uongo wake, au mwili wake. Hapo ndipo mvutano wa hadithi ulipo. Kumtafuta muuaji ni shughuli ya juu juu. Shughuli ya ndani ni bei: nani amejiuza, kwa kiasi gani, na nani anajidai bado hajajiuza.

Katika ile makala ya 1944 Chandler aliliweka wazi: kwenye mitaa hii miovu lazima apite mtu ambaye mwenyewe si mwovu, hana doa wala hana woga. Wengi wananukuu maneno hayo wakidhani Chandler anajigamba. Lakini vitabu vyenyewe vinamtania mtu huyo. Ndani ya jumba la Sternwood juu ya mlango kuna kioo cha rangi chenye picha ya shujaa wa zamani mwenye deraya, anayehangaika kumfungua mwanamke aliyefungwa kwenye mti, na hafiki popote. Marlowe anamtazama akiwaza kwamba kama angeishi pale, ingebidi siku moja apande kumsaidia. Baadaye kidogo, usiku mbaya, anasogeza kete ya farasi kwenye sataranji, anairudisha, na kusema mchezo huu si wa hao. Kwa Kiingereza kete hiyo inaitwa knight, jina la shujaa yule yule wa kwenye kioo. Sisi tunaiita farasi tu, kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili atakayefika hapo ana kazi.

Yasiyosifiwa

Ningekuwa nawadanganya nikisema kila kitu kimezeeka vizuri. Wanawake wa Chandler mara nyingi ni mtego wenye manukato. Mashoga anawaandika kwa dharau. Watu Weusi na Wameksiko wanatajwa kwa majina ambayo leo hayasemeki.

Lakini hata hapo mambo hayakunyooka. Farewell, My Lovely, ya 1940, inaanza pale Moose Malloy anapoingia kwenye baa ya Weusi huko Central Avenue na kumuua msimamizi wake. Luteni wa polisi anayepewa kesi hiyo ananung'unika: marehemu ni Mweusi, magazeti hayataandika, hakuna sifa ya kuvuna. Marlowe anaona kwamba hakuna anayehangaika kutafuta haki ya maiti yule. Kisha kitabu chenyewe kinamwacha maiti yule na kukimbilia mikufu ya matajiri. Chandler aliuona ugonjwa, na yeye mwenyewe alikuwa nao.

Juu ya sinema nitasema machache. Wengi wanadhani Chandler aliiandika ile filamu iliyomkosesha mpwa wangu usingizi. Hakuiandika, miongoni mwa walioiandika ni William Faulkner, aliyekuja kupata Nobeli. Kazi kubwa ya Chandler Hollywood ilikuwa Double Indemnity ya 1944, aliyoandika pamoja na mwongozaji wake, Billy Wilder, huku wakichukiana. Na zile "filamu nyeusi" (film noir) ambazo watu wanazitaja ni jina walilolitoa wahakiki wa Kifaransa kwa sinema za giza na wasiwasi za miaka ile. Riwaya ya mpelelezi sugu inaweza kuzaa filamu nyeusi, lakini iko filamu nyeusi isiyo na mpelelezi hata mmoja.

Ukitaka kusoma, anza na The Big Sleep, halafu Farewell, My Lovely, kisha ruka hadi The Long Goodbye ya 1953. Hicho cha mwisho alikiandika mkewe Cissy akiwa mgonjwa, na majonzi yamo hata kwenye kurasa zisizotaja ugonjwa. Cissy alifariki Desemba 1954. Chandler alirudi kwenye chupa, na mwaka uliofuata alijaribu kujiua. Alifariki 1959 na kuzikwa San Diego, ila majivu ya mkewe yalibaki kwenye rafu ya ghala la makaburini mjini humo. Yalikaa huko zaidi ya nusu karne. Wapenzi wa vitabu vyake walikwenda mahakamani kuomba ruhusa, na tarehe 14 Februari 2011 Cissy akazikwa pamoja naye.

Mpwa wangu nilimwazima nakala yangu ya The Long Goodbye, yenye jalada lililochanika, kwa masharti ya wiki mbili. Humo Marlowe anamsaidia rafiki mlevi kuvuka mpaka kwenda Meksiko, anawekwa ndani siku tatu kwa kukataa kumtaja, na baadaye anapokea barua yenye noti moja ya dola 5,000. Anaifungia kwenye sefu. Noti haitumii. Kitabu kinapokaribia mwisho anairudisha.

Wiki ya sita simu ikalia, saa tano usiku.

"Mjomba, samahani kwa muda huu. Hela ile si alipewa kwa roho safi? Kwa nini ameirudisha?"

Habari za dereva hakuniuliza tena. Nikamwambia alete kitabu changu, tutazungumza.